Maili Themanini na Ushei

Ukuta wa Hadrian una urefu wa maili 80. Au 73. Au 84. Inategemea unamuuliza nani. Warumi walioanza kuujenga mwaka 122 walihesabu kwa maili yao, hatua elfu moja za askari, kila hatua ikianzia mguu wa kushoto unapokanyaga hadi unapokanyaga tena, na kwa hesabu hiyo ukuta ukafika 80. Maili ya Waingereza ni ndefu zaidi. Sheria ya mwaka 1593, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliipa futi 5,280, na kwa maili hiyo ukuta uleule unashuka hadi 73. Njia ya waenda kwa miguu, iliyofunguliwa mwaka 2003 kutoka Wallsend upande wa mashariki hadi Bowness-on-Solway upande wa magharibi, inapinda hapa na pale, nayo ndiyo yenye 84. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa kando ya mto Tyne, siku tulipoanza safari, alilimaliza suala hilo bila kusimama. "Eighty-odd, pet," alisema, na mbwa wake akaendelea kunusa mti.

Nililipenda jibu lile kwa sababu halikukosea. Maili 84 zimo ndani yake, na 80 za Warumi ziko mlangoni. Zinazobaki nje ni zile 73, na hizo hakuna anayezitembea. Mwingereza akiweka "odd" nyuma ya namba, hesabu inaruhusiwa kupanda tu: themanini na moja, themanini na saba, lakini kamwe si sabini na tisa. Ni ushei wetu huuhuu, ule wa muuza duka anayekwambia elfu tatu na ushei huku akijua kwamba ushei wenyewe nao utaulipa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni dada yangu, mtoto wa mama mdogo, muuguzi aliyekaa Newcastle miaka mingi hata anajua kulalamikia hali ya hewa kwa lafudhi ya huko. Mimi Kiingereza nilikisoma Tanga, kwa nidhamu ya shule za wakati ule, nacho kilinipa vipimo vyote: inchi, futi, yadi, ekari, hata ile galoni ambayo sijawahi kuiona. Makadirio hakikunipa. Hakuna mwalimu aliyetuambia "just up the road", hapo mbele tu, ni umbali gani, na nchini Uingereza karibu kila unachokitafuta kiko "just up the road".

Dada anayajua makadirio hayo kwa njia ya kazi, kwa kuwa wodini anayasikia kila siku na kila siku ni lazima ayageuze kuwa namba. Tulipokuwa tunapita Newburn, mto ukiwa kushoto kwetu na mvua nyepesi ikija na kuondoka, alinieleza habari za "a couple". Kamusi inasema ni viwili, kama mume na mke. Mgonjwa akiulizwa jana amekunywa bia ngapi, atajibu "a couple".

"Mbili ni za kwenye kamusi, kaka," dada alisema. "Mimi huwa nanyamaza, naandika mambo mengine, naangalia presha, halafu nauliza tena. Zinakuwa nne."

"Na ukiuliza mara ya tatu?"

"Siulizi mara ya tatu. Wanaona haya."

Maumivu nayo ni hivyohivyo, ila kwa sababu nyingine. Bia hupunguzwa kwa aibu. Maumivu hupunguzwa kwa heshima. Wazee wa kaskazini mwa Uingereza, hasa waliofanya kazi migodini, watakwambia wana "a bit of pain", maumivu kidogo, na kumbe mfupa wa nyonga umevunjika. Ndiyo maana hospitali imejiwekea utaratibu wa kumtaka mgonjwa ataje namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Dada anasema hata hapo kuna watu wanaojibu "sevenish", saba hivi.

Kuna mtego mmoja ambao nauweka wazi kwa yeyote anayepanga safari ya huko, kwa sababu shuleni hautajwi. "A few" ni vichache. "Quite a few" ni vingi. Neno lilelile, limeongezewa kineno mbele ambacho kwa sura kingepaswa kulitia nguvu, na badala yake kimelipindua. Tulipouliza kwenye baa moja ya Heddon-on-the-Wall kama kuna watu wengine wanaotembea njia hii, mhudumu alisema "quite a few". Nyumba za wageni zote za mbele zilikuwa zimejaa.

Baada ya Heddon njia inafuatana na barabara ambayo wenyeji wanaiita Military Road. Ina historia ya kuudhi kidogo. Mwaka 1745 Waskoti waliomuunga mkono Charles Stuart waliasi, jeshi la serikali likashindwa kuvuka nchi upesi kutoka mashariki kwenda magharibi kwa kukosa barabara, na katika miaka ya 1750 ikajengwa hii. Mawe yalipatikana kwa urahisi: walibomoa ukuta wa Hadrian na kuutandaza chini. Kwa hiyo kwa maili nyingi unatafuta ukuta huku magari yanapita juu yake.

Hapo tulimkuta mkulima akitengeneza uzio, tukamuuliza ni umbali gani hadi mahali pa kupata chai. Akafikiri. "A good mile," alisema. Kisha, tulipokwisha kumshukuru na kuanza kuondoka, akaongeza kwa nyuma: "Well. A good two."

Hiyo "good" haina wema wowote ndani yake. Maili "good" ni maili iliyovimba, na saa "good" ni saa moja ambayo haijaisha hata ikiisha. Tena ipo "the best part of an hour", ambayo kwa mgeni inasikika kama sehemu tamu ya saa nzima, pengine ile ya kupumzika. Maana yake ni sehemu kubwa ya saa: dakika 45, 50, 55. Ukikaribia kuitimiza bila kuifikia inakuwa "getting on for an hour". Ukiwa hujui kama umepita au hujafika, unasema "an hour or so", na hapo unaruhusiwa kukosea pande zote mbili.

Nilianza kuyaandika pembeni mwa ramani, na baada ya muda nikaona mpango wake. Makadirio ya Kiingereza ni kama mizani ya dukani yenye kokoto chini ya sahani: ukijua kokoto iko upande gani, kipimo kinakuwa sahihi. "Odd" na "good" zinainamia juu. "The best part of" na "just under" zinainamia chini. Msemaji anakupa namba, kisha anakupa na mwelekeo wa kosa lake. Anachofanya ni kujiwekea akiba asije akaulizwa baadaye, lakini ukimsikiliza vizuri amekwambia kila kitu.

Sisi tuna vyetu. Tuna ushei na kasoro, tuna "hivi" ya "watu kumi hivi", tuna "yapata" na "takriban" za magazetini. Ila likija suala la umbali, Mswahili haongezi neno, anaongeza sauti. Pale ni pale. Paleee ni kwa miguu lakini uanze sasa. Kuleee, sauti ikiwa imepanda hadi puani na kidevu kimeinuliwa, ni safari ya kutafuta bodaboda. Mtoto wa miaka minne Pangani anaupima umbali huo bila kufundishwa na mtu. Mwingereza sauti haipandi. Mkulima yule alitamka maili moja na maili mbili kwa sauti moja, mikono yake ikiwa bado kwenye waya. Kwa hiyo mgeni anayesikiliza sauti, kama tulivyolelewa, hapati kitu. Inabidi asikilize kineno kidogo kilichotangulia au kilichofuata, ambacho ndicho hutamkwa kwa haraka kuliko vyote.

Cha ajabu, watu hawa wanaishi juu ya mojawapo ya vitu vilivyopimwa kwa ukaidi mkubwa zaidi duniani. Kila baada ya maili moja ya Kirumi, wajenzi wa ukuta waliweka ngome ndogo yenye malango mawili, na kati ya ngome na ngome minara miwili. Wanaakiolojia wamezipa namba kuanzia mashariki. Ya 37, karibu na Housesteads, imebaki na mawe ya tao la lango lake la kaskazini, na ukisimama langoni unaona ukaidi wenyewe: mbele yako ni mteremko mkali ambao hakuna mkokoteni ungeupanda. Lango halikuwa na kazi pale. Lakini maili ilikuwa imefika, na maili ikifika lango linajengwa.

Kusini kidogo iko Vindolanda, kambi ya zamani kuliko ukuta. Kuanzia mwaka 1973 wachimbaji wamekuwa wakitoa ardhini vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, ambavyo udongo wenye maji usio na hewa uliviweka bila kuoza. Kimoja ni taarifa ya nguvu ya kikosi cha Watungri iliyoandikwa tarehe 18 Mei, karibu na mwaka 90. Nakumbuka namba zake vizuri kwa sababu nilizisoma huku dada akinivuta mkono twende tukale. Askari wote ni 752. Wasiokuwapo ni 456, kati yao 337 wamepelekwa Coria, ambayo leo ni Corbridge. Waliopo 296. Wagonjwa 15, waliojeruhiwa 6, wenye macho mekundu 10. Wanaofaa kupigana 265.

"Huyu ni mtu wa wodi," dada alisema aliposoma ile ya macho mekundu. "Hakuandika 'a few'."

Hakuandika, kwa sababu aliyemwandikia angeweza kutoka kesho yake na kuwahesabu. Nadhani hilo ndilo linaloamua lini mtu anakadiria na lini anataja namba kamili, kuliko tabia ya taifa lolote. Mkulima wa uzio hatakuja kuulizwa na yeyote kuhusu ile chai yetu. Karani wa Vindolanda angeulizwa, tena mbele ya watu.

Kati ya Housesteads na Steel Rigg ukuta unapanda na kushuka juu ya majabali meusi, na katika bonde moja kuna kisiki. Hapo ulisimama mti wa Sycamore Gap, mmoja wa miti iliyopigwa picha zaidi Uingereza, hadi usiku mmoja wa Septemba 2023 ulipokatwa kwa msumeno. Wanaume wawili walifungwa kwa kosa hilo mwaka 2025. Kisiki kimechipua. Watu wanafika, wanasimama, wanazungumza kwa sauti ya msibani, halafu mmoja wao lazima ataitaja filamu ya Robin Hood ya mwaka 1991, ambamo Kevin Costner na Morgan Freeman walipita chini ya mti huo.

Filamu hiyo inanihusu, kwani ndani yake limo kadirio baya kuliko yote niliyoyasikia kuhusu nchi hii. Robin anashuka pwani chini ya majabali meupe ya kusini kabisa na kumwahidi mwenzake kwamba ikifika jioni watakuwa nyumbani kwa baba yake. Nyumbani ni upande wa Nottingham, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Na kabla ya jioni hiyo kufika, wanaonekana wakipita Sycamore Gap, ambayo ipo kaskazini mbali kupita Nottingham, karibu kilomita 500 kutoka majabali hayo kama arukavyo kunguru. Nimewasimulia Waingereza jambo hili, wakacheka. Wao wanaita hiyo "a bit of a detour".

Habari ya kunguru nayo nilitaka kuisema. "As the crow flies" wanaitumia kumaanisha mstari ulionyooka, na ramani zao zimejaa umbali wa namna hiyo, ambao hauna faida yoyote kwa mtu mwenye miguu. Anayewajua kunguru wa Dar es Salaam na Unguja, wale walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, hawezi kuukubali msemo huo. Kunguru wa Feri hajawahi kunyoosha njia. Atapita kwanza kwenye samaki, kisha kwenye dampo, kisha kwenye dirisha la jiko la mtu.

Kwa mtembea kwa miguu Waingereza wana kitu bora kuliko kunguru. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith, mpanda milima, aliandika kanuni ambayo inatumika hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu za kwenye ramani, na saa nyingine moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Nayo ni makadirio, lakini ni makadirio yanayokiri kwamba mlima upo. Nguzo za njiani hazikiri. Zinaandika maili kwa robo, 1¼, 2¾, kwa umakini wa sonara, na hazisemi neno hata moja kuhusu majabali. Kwenye tambarare ya Solway 2¾ ni matembezi ya baada ya chakula. Hapa juu ni asubuhi nzima, na magoti yanatetemeka.

Muda una vineno vyake. Mwenye nyumba ya wageni tuliyolala, mama mkunjufu mwenye sauti ya kwaya, alitwambia chakula cha jioni kitakuwa tayari "sevenish". Yaani saa moja hivi. Hiyo "ish" inabandikwa popote: nane-ish, kijani-ish, hata peke yake, mtu akiulizwa kama amechoka anaweza kujibu "ish". Dada alinionya kwamba "ish" ya chakula cha jioni inainamia mbele, si nyuma. Ukialikwa "sevenish", kufika saa moja kasoro kumi ni kosa. Unamkuta mwenyeji na taulo kichwani. Kufika saa moja na robo ni adabu. Kufika saa moja na dakika 40 ni habari itakayosimuliwa. Nikawaza harusi za kwetu, kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni na bibi harusi anaingia ukumbini saa tatu, na hakuna aliyechelewa. Nikawaza pia "inshallah" ya manahodha wa Pangani: tunatoka alfajiri, inshallah. Ina imani ndani yake, sitaki kuifanyia mzaha, lakini abiria mzoefu anajua kuisikiliza kwa masikio mawili.

Kinyume chake ni vituo vya treni. Huko neno "approximately" limepata kazi ambayo sijaiona kwingine. Kipaza sauti kinatangaza kwamba treni imechelewa kwa "approximately" dakika 12. Siyo kumi, siyo robo saa. Kumi na mbili, takriban. Mtu ameshika saa mkononi na bado anaogopa kushtakiwa. Na kwa miaka mingi kipimo rasmi cha reli za Uingereza kilihesabu treni kuwa imefika kwa wakati ikiwa haikuzidi dakika 5, au dakika 10 kwa zile za safari ndefu. Kumbe serikali nayo ilikuwa na "ish" yake, imeiwekea mipaka tu.

Hili la mipaka nililielewa zaidi usiku uleule, pale kwenye nyumba ya wageni. Chumbani palikuwa na redio ya zamani, na dada, ambaye hulala kwa shida tangu aanze zamu za usiku, aliiwasha Radio 4 ya BBC saa sita na dakika 48 usiku, wakati wa taarifa ya hali ya bahari kwa vyombo vya majini. Nilimsikia kupitia ukuta na nikaenda kukaa mlangoni kwake. Msomaji anapita maeneo ya bahari 31 kuzunguka visiwa vyote, kwa mpangilio usiobadilika: Viking, North Utsire, South Utsire, Forties, Cromarty, Forth, Tyne, Dogger. Moja linaitwa FitzRoy, jina lililowekwa mwaka 2002 kumkumbuka Robert FitzRoy, yule nahodha wa meli ya Beagle iliyomchukua Darwin, ambaye mwaka 1854 alianzisha ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza. Mwaka 1859 meli ya Royal Charter ilivunjikia pwani ya Anglesey kwa dhoruba na watu zaidi ya 400 wakafa. FitzRoy akaanza kutuma maonyo ya dhoruba kwa telegrafu mwaka 1861.

Ukiisikiliza taarifa hiyo bila kuijua, imejaa maneno yaleyale ya mkulima wa uzio. Dhoruba itakuja "soon". Mvua "later". Uoni "moderate", wakati mwingine "poor". Lakini kila neno limepigwa pini. "Imminent" ni ndani ya saa 6 tangu taarifa itolewe. "Soon" ni kati ya saa 6 na 12. "Later" ni kati ya saa 12 na 24. Uoni "good" unazidi maili 5 za bahari. "Moderate" ni kati ya 2 na 5. "Poor" unaanzia mita 1,000 hadi maili 2. Chini ya hapo ni "very poor", ukungu. Hata "rather quickly", maneno ambayo Mwingereza huyatumia kusema chai imepoa, hapo yana namba: mfumo wa hewa unaokwenda "rather quickly" unakwenda noti 25 hadi 35.

Sikuwa nimewahi kukutana na kitu cha namna hiyo. Wamechukua lugha ya barazani, ya "baadaye" na "punde", wakaiacha kama ilivyo, na chini yake wakajenga sakafu ya namba ambayo mabaharia wote wanaijua. Nahodha wa mashua ya uvuvi akisikia "soon" hatikisi kichwa kwa mashaka kama mimi kwenye kituo cha treni. Anaangalia saa na kujumlisha sita.

Tukaingia Cumbria, nchi ya kondoo. Katika milima ya huku wachungaji wa zamani walikuwa na namba zao za kuhesabia kondoo, yan, tan, tethera, zinazosikika tofauti na Kiingereza. Wakifika ishirini, walitia jiwe moja mfukoni au kukata alama kwenye fimbo, wakaanza upya. Ni korija hiyo, ileile tuliyouzia boriti za mikoko Lamu na Rufiji, ishirini ishirini. Na mwenye boriti, kama mwenye kondoo, hasemi ushei. Muulize mpita njia idadi ya kondoo waliopo kwenye kilima, naye atakwambia "loads". Muulize mwenye kondoo.

Baada ya Carlisle nchi inalala chali. Milima imeisha, ukuta wenyewe haupo tena juu ya ardhi, mawe yake yamo kwenye kuta za makanisa na mazizi. Burgh by Sands kuna mnara wa kumbukumbu katikati ya malisho, mahali alipofia Mfalme Edward wa Kwanza mwezi Julai 1307, akisubiri kuvuka ghuba ya Solway kwenda kupigana na Waskoti. Aliugua tumbo. Uskoti alikuwa anaiona.

Kuanzia Dykesfield barabara ya kwenda Drumburgh inanyooka katikati ya kinamasi cha maji ya chumvi, sawasawa na usawa wa bahari, na maji ya bamvua yanaifunika. Pana vibao vinavyoonya. Bamvua ya Solway inapanda zaidi ya mita 8. Ya kwetu Tanga ni karibu nusu ya hiyo, na hata hiyo nusu nimeiona ikiondoka na ngalawa za watu. Tulisimama mwanzoni mwa barabara, tukiyatazama matope yanayometa upande wa kaskazini, tusijue kama yale ni maji yanayotoka au yanayoingia. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe na darubini, akitazama ndege.

Dada alimsalimu, akamuuliza maji yanajaa saa ngapi. Mzee hakuangalia mbingu wala matope. Alitoa mfukoni kijitabu chembamba kilicholowa pembe, akapitisha kidole.

"High water, seventeen minutes past two," alisema. "It'll be on the road an hour before. You don't want to be on it then."

Saa nane na dakika kumi na saba, na saa moja kabla yake maji yako barabarani. Hakukuwa na "ish" wala "or so" wala "approximately". Alifunga kijitabu, akakirudisha mfukoni na kuinua darubini yake. Saa yangu ilionyesha tano na nusu. Dada akamuuliza basi kutoka hapa hadi Drumburgh ni mbali gani.

Mzee alielekeza kidevu upande wa magharibi, ambako barabara ilikuwa inapotelea. "Oh, a couple of miles," alisema. "Three-ish. You'll be there in no time."

"Tuhesabu nne," dada aliniambia kwa Kiswahili, na tukakaza mwendo.